Ordinateri mbili za zamani hazionani? Acha formataje, anzia ku kable

Mu mitaa yetu kuko dawa moja yenye watu wanaandikia kila ugonjwa wa ordinateri: "Fanya formataje, itaisha." Mashini inaenda polepole, formataje. Imprimante haitoi karatasi, formataje. Ordinateri mbili mu nyumba moja hazionani, tena formataje. Kisha unakuta mtu analia juu TFC yake imeenda, ao picha za mazishi ya baba yake, ao kaye ya madeni ya wakulima, wakati shida ilikuwa paka mu kable.

Leo tuongee juu ya ile shida ya mwisho. Wengi wetu tunafikiri rezo ni kitu ya intaneti, kwa hiyo bila inite hakuna rezo. Hapana. Rezo kati ya ordinateri mbili haiombi hata inite moja. Inaomba kable, adrese mbili na mlango wazi. Kama moja kati ya vile vitatu inakosa, hazionani. Kazi yote ni kujua ni gani inakosa, na kuijua kwa kupima, si kwa kubahatisha.

Tuchukue mfano wa Kasomeno, ku njia ya Kasenga, pale barabara ya kutoka Lubumbashi inagawanyika na moja inapanda kuelekea Kilwa na Pweto. Mu nyumba moja kule, yenye chumba cha mbele njo biro ya kundi la wakulima, kuko ordinateri mbili. Moja ni ya meza, Windows XP, okaze ya Ulaya. Ingine ni laptopu ya Windows 7. Ndani ya ile ya XP kuko gigabaiti 22: majina ya watu wenye walikopa mbegu za mahindi, uzito wa mifuko ya kila msimu, picha za mashamba, na vipimo vya mvua vyenye mzee mmoja alikuwa anaandika kila asubuhi kutoka ku pluviometre. Mwanafunzi mmoja wa agronomia anangojea vile vipimo kwa TFC yake. Na diski ya ile ordinateri imeanza kupiga tak, tak, tak.

Njia ya flashi ilikuwa imefungwa. Mashimo ya USB ya mbele yamevunjika, ya nyuma ni USB 1.1, yenye inapitisha karibu megabaiti 1 kwa sekunde. Fanya hesabu: gigabaiti 22 ku mwendo ule ni saa 6 na kidogo, na batri ya panneau ya jua haiwezi kubeba ordinateri ya meza saa 6. Tena kila flashi yenye iliingia mule ilirudi na virusi, ile yenye inaficha dosiye zako na kukuachia mishale ya raksursi. Kwa hiyo ilibaki kable ya rezo. Kable ikachomekwa, hakuna kitu. Na tayari jirani alikuwa amekwisha kusema lile neno.

Mimi ni mtu wa agronomia, na hapa agronomia inasaidia. Mahindi yakianza kuwa manjano, mtu wa haraka anasema tupa urea. Lakini manjano ya majani ya chini, yenye inaanzia ku ncha na kuingia katikati ya jani kama V, njo njaa ya azoti. Manjano ya majani mapya ya juu ni kitu ingine. Na shamba lenye maji yamesimama litageuka manjano hata ulimwagie mfuko mzima wa urea. Kwa hiyo unachimba kidogo, unaangalia mizizi kwanza. Rezo pia iko na mizizi, shina na majani. Windows njo majani. Watu wanafika na kunyunyiza dawa ku majani.

Mizizi ni kable. Chomeka pande zote mbili, washa ordinateri zote mbili, kisha inama uangalie nyuma, pale kichwa cha kable kinaingia. Karibu kila karti ya rezo iko na kataa kadogo, ka kijani ao ka machungwa. Kama hakawaki, usifungue kitu chochote mu Windows. Hakuna cha kurekebisha kule juu wakati huku chini ni giza.

Kule Kasomeno taa haikuwaka, na kable ilikuwa mupya. Sababu yake inafaa kuelewa vizuri, juu inarudi kila mara na mashini za zamani. Ndani ya kable kuko nyuzi 8. Rezo ya megabiti 10 ao 100 inatumia 4 tu: ya 1 na ya 2 za kusema, ya 3 na ya 6 za kusikia. Kable ya kawaida, ile unakuta mu karto ya modemu, inapeleka 1 ku 1, 2 ku 2, 3 ku 3, mpaka mwisho. Iko sawa wakati katikati kuko swichi ao rutere, juu swichi iko na mdomo pale ordinateri iko na sikio. Lakini ukifunga ordinateri mbili moja kwa moja na kable ile, mdomo unakutana na mdomo, sikio linakutana na sikio. Wote wanasema, hakuna mwenye kusikia.

Dawa yake ni kable yenye mafundi wanaita krwaze, yenye nyuzi zimepishana. Upande mmoja unapanga hivi: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili unabadilishana tu machungwa na kijani: nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-machungwa, bluu, nyeupe-bluu, machungwa, nyeupe-kahawia, kahawia. Unahesabu kutoka kushoto, kaulimi ka plastiki kakiangalia chini na kable ikija upande wako. Mtu yeyote mwenye koleo ya kubana vile vichwa atakufanyia mu dakika 5. Kama humpati, tafuta swichi ndogo ya okaze, uiweke katikati, na kable 2 za kawaida zitatosha.

Mutasikia watu ku soko ya Kenya (komini, si inchi) wakisema kable zote ni moja. Kwa mashini mpya wanasema kweli: karti za gigabiti zinajigeuza zenyewe, na inatosha moja kati ya mbili ijue kujigeuza. Kwa mashini mbili za zamani, si kweli. Kule Kasomeno kable krwaze iliwasha taa pale pale.

Na kama umekwisha kubadilisha kable na bado giza? Fungua "Gestionnaire de périphériques". Karti ikiwa na alama ya manjano, haina piloti. Ikiwa imezimwa, iwashe. Ikiwa haionekani kabisa, labda radi imekwisha kuimaliza, na karti ya PCI ya okaze inaweza kuingia pahali pake.

Taa ikiwaka, tunapanda ku shina: adrese. Bonyeza touche ya Windows na R pamoja, andika cmd, kisha ipconfig. Pengine utaona namba yenye inaanza na 169.254. Wengi wakiiona wanasema karti imekufa. Haijakufa. Inamaanisha ordinateri iliomba adrese, hakuna rutere ya kuipa, ikajichagulia yenyewe. Kati ya ordinateri mbili bila rutere, ile ni kawaida, na zote mbili zikiwa na 169.254 zinaweza hata kusikilizana vile vile. Shida inakuja wakati moja iko na 169.254 na ingine inabaki na adrese ya zamani yenye mtu alipanga ku biro ingine miaka imepita. Mashini za okaze ziko na mambo kama yale mingi.

Kwa hiyo mimi naona afazali kupanga mwenyewe. Mu ile dirisha ya touche ya Windows na R, andika ncpa.cpl, ingia mu propriete za karti, kisha mu TCP/IP, mu Windows 7 ni ile ya version 4. Ordinateri ya kwanza uipe 192.168.10.1, ya pili 192.168.10.2, na maski ya zote mbili 255.255.255.0. Pale wanaomba "passerelle" acha wazi, juu hatuendi inje. Ione kama adrese ya mtaa: 192.168.10 njo jina la avenue, namba ya mwisho njo parseli. Maski inasema jina la avenue linaishia wapi. Watu wawili mu avenue moja wanaitana bila kupitia kwa posta. Ukiwapa avenue mbili tofauti, ao parseli moja kwa wote wawili, hawatakutana. Na wakati unapima, zima Wi-Fi ya laptopu, usije ukapima rezo ya simu ukifikiri unapima kable.

Sasa ping. Kutoka laptopu andika ping 192.168.10.1. Kama inajibu, vizuri sana, ruka aya mbili zenye zinafuata. Kama haijibu, usiseme bado kama kable ni mbaya. Hapa njo watu wanapotea zaidi. Tangu Service Pack 2 ya XP, mwaka 2004, Windows inakuja na parefeu imekwisha kuwashwa, na parefeu inaweza kukataa ping hata kama kable, karti na adrese ni nzima kabisa. Ni kama kupiga hodi ku nyumba yenye mlinzi ameambiwa asijibu. Kimya haimaanishi nyumba ni tupu.

Namna ya kujua kama mlinzi yuko: mara tu baada ya ping kushindwa, andika arp -a. Kabla ya ping kutoka, ordinateri inauliza mu kable yote: "Nani iko na 192.168.10.1?" na ile ingine inajibu na namba ya karti yake, namba ndefu yenye vipande 6 kama 00-0C na kuendelea. Lile jibu parefeu ya Windows haizuii. Kwa hiyo kama arp -a inaonyesha 192.168.10.1 na namba ya karti pembeni, kable iko mzima, adrese ziko sawa, na mwenye kuzuia ni parefeu. Kama haionyeshi, ao inaonyesha zero tupu, rudi chini: kable ao adrese. Hakuna haja ya programu ya kununua. Ile amri moja inagawanya shida mara mbili. Kule Kasomeno ping ilikataa na arp -a ikaonyesha namba. Tulijua kama mizizi na shina ni nzima, imebaki paka mlango.

Mlango gani? Ule wa mwenye kutoa. Laptopu inaenda kuchukua, kwa hiyo yenyewe haihitaji kufungua kitu, ni XP yenye inatoa njo inapashwa kufungua. Watu wanapoteza nusu siku juu ping kutoka XP kuelekea laptopu haijibu, kumbe hata haitakiwi. Mu XP, ingia mu parefeu, mu "Exceptions", weka alama ku "Partage de fichiers et d'imprimantes". Kufungua ile kunaruhusu na ping pia. Angalia vilevile kama hakuna antivirusi ya zamani. Hata ikiwa abonema yake ilikwisha miaka mingi, parefeu yake inaweza kuwa bado inasimama ku mlango.

Kisha partaje yenyewe. Bonyeza kuume ku dosiye, "Partage et sécurité", uipe jina fupi, tuseme kazi. Usiweke alama pale inaruhusu wengine kubadilisha fishiye. Kusoma kunatosha. Mashini yenye virusi, na diski yenye inakufa, hutaki mtu aiandikie kitu.

Ku laptopu, usipoteze wakati kutafuta ile ordinateri mu "Réseau". Ile orodha inategemea majina, kundi la kazi (XP Home inajiita MSHOME, zingine nyingi WORKGROUP), na subira. Andika adrese moja kwa moja: \\192.168.10.1. Kama dosiye inatokea, umefika. Kama inaomba jina na neno la siri na kukataa kila kitu unaandika, angalia kama konti ya ile XP iko na neno la siri. Windows inakataa kuingiza mtu kupitia rezo na konti yenye haina neno la siri, hata kama pale mbele ya mashini unaingia bila kuulizwa. Ipe konti neno la siri, jaribu tena.

Sasa kunakili, na hapa kuko haraka ya kweli, juu diski ni mgonjwa. Usikamate dosiye yote na kuivuta na panya. Windows ikikuta fishiye moja yenye haisomeki inaweza kusimamisha kazi yote, na wewe umetoka kunywa chai. Windows 7 iko na amri inaitwa robocopy, ndani yake tayari. Tuliandika hivi:

robocopy \\192.168.10.1\kazi D:\kazi /E /R:1 /W:1 /XF *.exe *.lnk autorun.inf

/E inachukua dosiye zote za ndani. /XF inaacha fishiye zenye virusi inapenda kupandia: programu, mishale ya raksursi na autorun. Kama uko na programu yenye unaitaka kweli, utaitafuta pahali pengine, isiyo na ugonjwa. Lakini /R:1 na /W:1 njo muhimu zaidi. Bila zile, robocopy ikikuta fishiye mbaya inajaribu tena mara 1,000,000 na kungoja sekunde 30 kila mara. Ku diski yenye inapiga tak tak, ile ni kuiua. Na zile mbili, inajaribu tena mara moja, inaandika kama imeshindwa, inaendelea. Umeme ukikatika katikati, unarudisha amri ile ile na inaruka zenye zimekwisha kupita.

Anza na dosiye yenye haiwezi kupatikana tena pahali popote. Kule ilikuwa vipimo vya mvua na orodha ya madeni, megabaiti chache tu, zikapita mbele hata mtu hajakaa chini. Picha zilifuata. Ku megabiti 100 unaweza kutumainia megabaiti kama 10 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 22 ni kama dakika 40, na zaidi kidogo juu diski za zamani zinachoka. Ukiona inaenda polepole sana, kilobaiti tu, angalia mu propriete za karti kama mtu hakulazimisha mwendo upande mmoja. Rudisha pande zote mbili ku otomatike. Kama upande mmoja umelazimishwa na mwingine unajichagulia, wanagongana njiani.

Kisha unaweza kukuta dosiye zimefika lakini hazionekani, juu virusi ilizipa alama ya kujificha na robocopy imezileta na alama yake. Ku laptopu, simama mu D:\kazi, andika attrib -h -s /s /d *.* na zitatokea.

Neno moja kwa wenye laptopu yao ni ya Windows 10 ao 11. XP inajua lugha moja tu ya kugawana fishiye, SMB1, na tangu mwisho wa 2017 Windows 10 mpya haiji tena na ile lugha kama kawaida. Si ubaya wao. Mwezi wa 5 mwaka 2017 virusi WannaCry ilizunguka dunia kwa kupitia tundu ya SMB1. Unaweza kuiwasha mu "Activer ou désactiver des fonctionnalités Windows", lakini uiwashe na Wi-Fi imezimwa, nakili, kisha uizime siku ile ile. Na ile XP yenyewe usiipeleke ku intaneti. Microsoft iliacha kuitengeneza tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2014. Kable ya mashini mbili tu, bila kitu ingine, njo pahali salama pake.

Kama zote mbili ni laptopu zenye Wi-Fi, kable si lazima. Washa partaje ya simu, data imezimwa, ingiza zote mbili mule. Simu inageuka rutere na hauli inite. Simu zingine zinazuia wageni wake kuonana, kwa hiyo pima na ping na arp -a vile vile. Na kama diski imefika pale inasimama kabisa, acha rezo yote. Zima mashini, toa diski, uisomee ku laptopu na kale kasanduku ka kugeuza IDE kuwa USB. Kila saa inazunguka bure ni saa unaiondolea.

Baada ya kunakili, usiamini ekrani yenye inasema imekwisha. Hesabu fishiye pande zote mbili, fungua chache za kila mwaka, hasa zile za Excel. Angalia na tarehe. Kapili kadogo ka CR2032 ndani ya mashini ya zamani kakikufa, saa yake inarudi nyuma miaka mingi kila mara umeme unakatika, na fishiye ya juzi inaonekana kuwa ya zamani kuliko ile ya kweli ya zamani. Ku vipimo vya mvua, mu fishiye mbili zenye jina moja, tarehe ya Windows ilidanganya, tukaamini tarehe yenye mzee aliandika mwenyewe ndani. Kopi ya pili ilikaa ku diski ya inje, mu nyumba ingine.

Ukimwita mtu akusaidie, ao ukituandikia, umwambie kwanza vitu vitatu: Windows gani kila upande, taa ya kable inawaka ao haiwaki, na arp -a inaonyesha nini. Akijibu "formatez" kabla ya kuuliza vile, mupe chai na umshukuru, lakini usimpe klavye.